Mizabibu kumi na nne ya Utange ilokuwa haizai

Shamba lenyewe si la kujivunia, ni kiwanja cha nyuma ya nyumba ya ami yangu huko Utange, Mombasa, kina mizabibu 26 juu ya chanja za nguzo za mvinje na waya, ukipita barabarani huwezi hata kujua kuna kitu. Ami aliipanda 2019 na toka siku ya kwanza akaapa haingii dawa ya dukani pale, mbolea ni samadi ya mbuzi na mboji, dawa ni mwarobaini, maji ni ya kisima. Kumi na mbili ni nyeusi za mbegu, vipando vyake vilitoka Dodoma. Kumi na nne ni nyeupe zisokuwa na mbegu, zile ndefundefu kidogo ambazo Wamarekani waziita Thompson Seedless na Waturuki waziita sultana, nazo zilifikaje Utange hilo mumuulize Ami mwenyewe, mimi nilizikuta.

Kisa ni cha hizo kumi na nne. Miaka miwili na zaidi zilitoa majani mpaka mbuzi wakachoka kuyala, kichala hata kimoja hakuna, na pembeni hatua tano tu zile nyeusi zinazaa. Na aloharibu ni mimi, bora niseme mapema.

Mimi kazi yangu ni ofisi ya klaringi Changamwe, shamba nilikuwa nalijua la nyanya za kopo tu. Januari 2022 Ami mgongo ukamkamata, akanambia njoo Jumapili unisaidie kupogoa. Nikasema hilo dogo. Nikakaa usiku kwenye YouTube nikaangalia wazungu wa Ufaransa na California wanavyokata, wamevaa makoti, moshi unawatoka mdomoni, mzabibu uko mkavu kama kuni hauna jani, jamaa anapita tap tap tap anaacha vijiti vifupi vya macho mawili mawili, dakika moja mti umekwisha. Safi sana kwa macho. Nikanunua mkasi wa kupogolea, nikaenda nikanyoa mizabibu yote 26 vile vile, macho mawili kila kitawi. Ami akatoka kibarazani ameshika kiuno akaangalia, akasema, "Mwanangu, hapa umepogoa ama umenyoa?" Nikamwambia Ami hii ndo ya kisasa.

Kwa ambaye hajawahi kuushika mzabibu, jicho ni ile chuchu ndogo inokaa kwenye fundo la kitawi, pale jani linapotokea. Ukikata, jicho lililobaki karibu na mkato ndo linaamka, linatoa chipukizi jipya, na zabibu zinazaliwa kwenye hilo chipukizi jipya, si kwenye mti mkuukuu. Lakini chipukizi lenyewe lazima litoke kwenye kitawi cha msimu ulopita, na kama litakuwa na kichala ama halina hilo liliamuliwa kitambo, wakati jicho lilipokuwa likijengwa ndani, miezi kabla hujakata. Kwa hivyo ukishika mkasi wewe hutengenezi zabibu, unachagua tu zipi zibaki na zipi ziende kwa mbuzi. Haya niliyajua baadae sana.

Nyeusi zikazaa kiasi, Ami akafurahi nami nikavimba kichwa. Nyeupe, majani. Tukasema bado changa. Mwezi wa saba ikaja Idi ya kuchinja, mtu akatuambia damu ni dawa ya mizabibu, tukamwaga damu ya kondoo wawili kwenye mashina ya nyeupe. Wallahi zilivyokimbia! Vitawi vilifika kwenye paa la jirani. Damu ni naitrojeni tupu, na mzabibu ukishiba naitrojeni unaota majani juu ya majani mpaka ndani ya chanja kuna giza, na giza ndo adui wa jicho, kama nitakavyoeleza. Septemba ilipofika pale ndani hakupitiki, nikaja na mkasi wangu wa kisasa nikanyoa tena. Macho mawili. Vuli ya 2022 karibu haikunyesha, hali ya hewa kavu nzuri, nyeusi zikazaa kuliko mara ya kwanza. Nyeupe sufuri.

Sasa hapo ndo kila mtu akawa mtaalamu. Jirani mmoja akasema hizo ni dume, kama mpapai dume, ng'oeni. Mwengine akasema ni chumvi ya kisima. Shangazi akasema ni jicho la hasidi, na mimi kila akitaja jicho nacheka kwa sababu kwa upande fulani kumbe alikuwa sawa, tatizo lilikuwa ni jicho kweli. Mwengine akasema ni matumbawe, ardhi yetu ina chokaa, mzabibu haupati chuma, na hilo lilikuwa na ushahidi kabisa kwani majani mengine yalikuwa manjano na mishipa imebaki kijani, dalili yenyewe hiyo.

Nilichofanya, na hii ndo sehemu ya kisa hiki ninayoipenda, ni kuuliza kila sababu swali moja tu, je nyeusi nazo zinayo? Chumvi, maji ni ya kisima kimoja na mpira mmoja, nyeusi zinakunywa hayo hayo na zinazaa. Ni kweli mitatu ya nyeupe ilioko ukutani ina majani yalochomeka kingo, hiyo ni chumvi, lakini ile kumi na moja mengine haina kitu. Chokaa, umanjano uko kwa nyeusi pia. Udume nao ukaanguka, mizabibu ya mwituni ndo ina dume na jike, hii ya kulimwa karibu yote ua moja lina vyote viwili, na halafu hata dume hutoa maua, sisi hatukuwahi kuona ua. Hilo la mwisho ndo lilinitoa usingizini. Hatukuwa tunapoteza matunda, hatukuwa tunayapata maua yenyewe, yani kitu kilikatika kabla ya ua. Na kitu pekee kinotokea kabla ya ua, kwa mikono ya binadamu, ni mkasi.

Nikarudi kusoma, safari hii si video. Ndo nikakuta kwamba aina za zabibu hazifanani mahali zinapoweka mayai yao. Kuna aina jicho la kwanza na la pili karibu na shina yana vichala tayari ndani, hizo ukikata fupi zinazaa vizuri tu. Na kuna aina, na Thompson ndo mfano unotajwa kila mahali, macho ya mwanzo ni matupu, vichala viko kuanzia jicho la nne la tano na kuendelea mpaka la kumi huko. Ukizikata fupi unabaki na macho matupu na unatupa yenye mali. Yani misimu miwili nilikuwa nabeba vichala vya Ami nawapelekea mbuzi kwa mkono wangu.

Lakini kusoma ni kusoma, mimi nilitaka kuona, na Ami zaidi, manake yeye kitabu hakimtishi. Kuna jaribio la bei ya bure kabisa. Mwezi wa tatu 2023 wiki ya kwanza nikakata vitawi vitatu vya nyeupe vilivyokomaa, vile rangi imeshakuwa ya kahawia na ukivikunja vinalia, nikavikatakata kipande kwa kipande, kila kipande jicho moja, nikaviandika namba kwa kalamu ya maka kuanzia upande wa shina, namba 1 mpaka 10. Nikaviweka kwenye chupa za maji zilizokatwa, vimelala kwenye kipande cha sponji vinaelea, dirishani jikoni kwa mama. Unabadilisha maji kila siku mbili basi. Mama akasema umekuwa mganga sasa. Ramadhani ikaingia tarehe 23 na vipande vingi vilikuwa vimeshachipua vijani viwili vitatu. Namba 1, 2, 3 za vitawi vyote vitatu, majani na vikono tu. Namba 4 moja ilikuwa na kitu si kitu. Namba 5, 6, 7, 8, kuna kijishada kidogo cha kijani kama mbegu za ulezi zimegandana. Kichala!

Nikampelekea Ami chupa zote kwenye kikapu cha boda, maji yakanimwagikia njia nzima. Akavaa miwani, akatazama, akasema neno moja, "Mato." Sisi wa kizazi hiki twasema macho, wazee wa Mombasa bado wana mato yao. Akazihesabu kwa kidole, mato matupu matatu, mato yenye kitu manne, akanitazama juu ya miwani wala hakunilaumu, na hiyo kwa Ami ni adhabu kubwa kuliko kulaumiwa.

Kuna jambo hapa laweza kumvutia hata asolima. Ukitazama chipukizi la mzabibu, kichala na kikono, kile kiuzi kinojizungusha kwenye waya, vinatokea mahali pa aina moja, upande wa pili wa jani. Ni ndugu wa tumbo moja. Ndani ya jicho kunaanza kivimbe kimoja kisichojua kitakuwa nini, kikipata mwanga mwingi, joto na chakula cha kutosha kinakuwa kichala, kikikosa kinaishia kuwa kikono cha kushikia waya. Wakati mwengine utaona kiko nusu kwa nusu, kikono chenye punje mbili za zabibu kichwani. Kwa hivyo lile giza la damu ya Idi lilikuwa likigeuza vichala kuwa vikono kimya kimya, na hata vilivyopona mimi nikaja nikavikata. Tuliipiga mizabibu ile mbele na nyuma.

Hapa kisa kingeisha kama ningekuwa na akili timamu. Nilikuwa na jibu, kata ndefu. Wiki ya kwanza ya Aprili, niko na saumu, jua kali, nikamwambia Ami nakata leo. Akasema, "Ngoja mvua ya mwaka ishuke kwanda. Sikwambii usikate, nakwambia ngoja." Mvua ya mwaka ndo masika. Mimi nilikuwa nimeshaona vichala kwenye chupa, nani angenizuia. Nikakata, nikaacha macho tisa, kumi, nikavifunga vitawi kwenye waya vizuri sana.

Maua yalitoka, hilo silikatai. Maua ya kwanza ya nyeupe toka zipandwe, na piga hesabu, kutoka kukata mpaka kuchanua ni kama wiki tano hivi, wiki tano kutoka mwanzo wa Aprili ni katikati ya Mei, na katikati ya Mei Mombasa ndo kilele cha masika. Asubuhi moja Ami akanipigia, majani juu yana madoa kama ya mafuta, chini yake unga mweupe kama pamba. Nilipofika Jumapili vishada vilikuwa vimegeuka kahawia vimekauka vimekunjika kama vimepitishwa motoni. Huo ni ukungu wa chini ya jani, na wakulima wa zabibu wa nchi za mvua waujua vizuri, unahitaji jani lililolowa na joto la kadri, sisi tuliupa vyote mwezi mzima. Mwarobaini haukusaidia kitu, na nasema hivi najua kuna watu watakasirika, mwarobaini ni dawa nzuri ya wadudu, kwa ukungu wa aina hii ushaingia ni kama kupuliza upepo.

Ndo tukaingia kwenye mrututu, ile chumvi ya buluu ya shaba, na ubishi. Ami alisema si tulisema hakuna dawa? Nikamwambia mrututu si nyinyi wenyewe mlikuwa mkiweka kwenye vidonda? Kilimo hai hakikatazi kila kitu kinochemka kwenye ndoo, mrututu na chokaa unaruhusiwa kwa mpaka, kule Ulaya mpaka wenyewe ni kilo 28 za shaba kwa hekta kwa miaka saba, kwa sababu shaba haiozi, inabaki kwenye udongo inaua nyungunyungu. Na historia yake nilimhadithia Ami akaipenda. Huko Médoc Ufaransa wakulima walikuwa wakipaka mizabibu ya kando ya barabara kitu cha buluu kibaya cha kutisha ili wapita njia wasiibe zabibu, akaja mtaalamu mmoja wa Bordeaux, Millardet, miaka ya 1880 hiyo, akaona ile ya kando ya barabara ina majani na ile ya ndani imekufa kwa ukungu. Akachunguza, 1885 akaitangaza. Dawa ya wezi ikawa dawa ya ukungu. Ami akauliza, na wezi waliacha? Sikuwa na jibu.

Tunavyochanganya, kwa pampu ya mgongoni ya lita 20, ni gramu 200 za mrututu na gramu 200 za chokaa. Mrututu unayeyushwa kwenye ndoo ya plastiki, si ya chuma, utaila. Chokaa ndoo nyengine, halafu mrututu unamiminiwa kwenye chokaa, si kinyume, huku unakoroga. Ukimaliza tumbukiza msumari mpya dakika moja, ukitoka na rangi ya shaba ujue bado ni kali, ongeza chokaa, la sivyo utachoma majani. Unapuliza siku hiyo hiyo, kesho haifai. Na unapuliza kabla ya mvua, si baada ya ugonjwa. Hilo la mwisho tulilijua kwa hasara.

Alotutoa kwenye shimo si kitabu wala video, ni mzee mmoja wa Kihindi mwenye duka la vitambaa Biashara Street, Ami hununua kikoi kwake. Wakati wa kupiga soga Ami akalalamika zabibu zake, mzee akacheka akasema watu wa upande wa mamake walima zabibu karibu na Nashik, India, na kule nako mzabibu haulali, hakuna baridi. Wao hukata mara mbili na kuvuna mara moja. Kata ya kwanza Aprili, fupi kabisa, si ya kuzaa, ni ya kujenga vitawi vipya. Kata ya pili Oktoba, ndefu, ndo ya kuzaa, wanavuna Februari Machi.

Ile sentensi ya mzabibu haulali ilinipiga. Wale jamaa wa makoti kwenye video wanakata Januari kwa sababu mti umelala kwa baridi, majira ndo yanauamsha wote kwa pamoja. Hapa hakuna wa kuulaza wala kuuamsha. Mkasi ndo baridi yetu. Siku unokata ndo siku ya kwanza ya mwaka wa mzabibu, na kwa hivyo swali si unakataje tu, ni unakata lini, na jibu la lini liko kwenye upepo wa hapa, si wa Nashik wala wa Dodoma. Dodoma wanavuna mara mbili, sawa, kule ni kukavu, mvua yao ni moja ya Desemba mpaka Aprili huko na juu ya mlima kidogo. Sisi tuko baharini, mvua mbili na unyevu kila siku.

Tukakaa na Ami na kalenda ya ukutani, ile ya msikiti yenye tarehe za Kiislamu, tukarudi nyuma. Mavuno lazima yawe kabla masika hayajafika, yani mwisho wa Machi. Toka kata mpaka kuvuna kwa zabibu hizi na joto letu tukakadiria siku 110 mpaka 120. Kwa hiyo kata ya kuzaa ni mwisho wa Novemba au mwanzo wa Desemba, vuli ikiondoka kaskazi ikiingia, maua yanachanua Januari kukiwa kukavu. Na kata ya kujenga? Aprili ya Kihindi hapa haifai kabisa, kule Aprili ni jua kali na mawingu yanakuja Juni, kwetu ukikata Aprili macho yanajengwa Mei chini ya mawingu, watoka vikono. Tukaisogeza katikati ya Julai, mvua kubwa imekwisha, macho yanajengwa Agosti na Septemba mbingu zikiwa wazi. Katikati ya masika mti tunauacha na majani yake mazee upumzike, tunapuliza mrututu mara mbili tatu tu yasianguke yote.

Kwenye hesabu hiyo ndo nilipoelewa kwa nini Ami alisema ngoja. Yeye hakuwa na hesabu, alikuwa na miaka sabini ya kunusa upepo.

Julai 2023 tukakata fupi nyeusi na nyeupe, jicho moja au mawili, na safari hii kata fupi ilikuwa sahihi, inachekesha. Halafu kazi ambayo watu hawaionyeshi kwenye video kwa sababu haina raha, ya kurudi kila Jumapili kung'oa machipukizi ya ziada kwa kidole yakiwa bado laini, ukiachia kila moja lisimame utarudi kwenye giza. Tuliacha nafasi ya kiganja kati ya chipukizi na chipukizi. Upande wa mashariki tukapunguza majani, upande wa magharibi tukayaacha, jua la saa tisa la Mombasa likipiga kitawi uchi linakiunguza. Samadi tukapunguza nusu na damu Idi hiyo ikaenda shimoni.

Novemba ikaja El Niño. Mnaikumbuka, mji ulijaa maji. Mimi mkono ukiwasha nikate, tarehe ishafika, lakini safari hii sikuambiwa mara mbili. Tukangoja mpaka tarehe 10 Desemba. Siku kumi kabla tukafunga maji na tukavua majani yote kwa mkono, hiyo inaufanya mti uhisi kama umelala kidogo. Kisha kata, nyeusi macho mawili, nyeupe macho tisa mpaka kumi.

Kulikuwa na mtego mmoja bado. Ukiacha kitawi kirefu katika nchi ya joto, macho mawili ya ncha yanaamka na mengine yote yanalala, ncha inayazuia wenzake. Kule India na kwengine wanapaka kemikali ya kuyaamsha, sumu kali hiyo, kwenye kilimo hai haiingii na Umoja wa Ulaya iliondolewa kabisa. Mbadala wake ni kitunguu saumu, Wajapani walifanyia utafiti, mvuke wake unaliamsha jicho. Tukatwanga saumu kwenye kinu cha shangazi (hakutusamehe, wiki nzima chai ilikuwa na ladha), tukachuja tukapaka kwa brashi kwenye kila jicho isipokuwa mawili ya ncha. Na vitawi tukavikunja kama upinde, katikati juu, ncha imeinama chini, ili ncha isijione mkubwa. Sasa ni saumu ama ni upinde uliofanya kazi siwezi kuapa, tulifanya vyote pamoja na hiyo ni dosari ya kisa changu, ningeacha miwili bila saumu tungejua. Kati ya macho tisa yaliamka matano, sita. Yanatosha.

Mikato yenyewe ililia maji siku mbili, matone kwa matone kama machozi, Ami akaogopa nimeua mti. Si kitu, ni maji ya mizizi yanapanda. Muhimu tu usikate ukigusa jicho, acha kidole kimoja juu yake, na mkasi upanguse kwa spiriti ukihama mti hadi mti.

Tulivuna kuanzia tarehe 31 Machi 2024, siku ya 112, kumi la mwisho la Ramadhani. Nyeupe kumi na moja zilizaa, kama kilo arubaini na kitu kwa jumla, mzani ulikuwa wa duka la jirani kwa hiyo mnisamehe. Vichala vingine vilikuwa na punje ndogo, tungepunguza punje mapema zingenenepa. Kunguru walichukua fungu lao, wale kunguru wa Mombasa hawana haya, wanatoboa punje moja moja wanaacha kichala kizima kinachacha, mwaka huu tumenunua neti za samaki kuukuu pale ufukweni. Bakuli la kwanza lilifunguliwa futari, na kuna mtu mezani akauliza kwa nini hamtengenezi mvinyo mkauza, Ami akamtazama mpaka akala sambusa tatu mfululizo bila kusema kitu. Wiki iliyofuata masika yakashuka kwa kishindo, tulibaki na vichala vinne vitano juu, vyote vilipasuka.

Mitatu ya ukutani hadi leo haijazaa. Hiyo sasa naamini ni chumvi, iko mwisho wa mpira ambapo maji hukauka na kuacha kila kitu, na mzabibu si mnazi. Mimi nataka tuing'oe tupande kitu chengine. Ami anasema tuitegee maji ya paa mwaka mmoja tuone. Tumekubaliana kwanza nikate kitawi kimoja kimoja Novemba niviweke kwenye chupa dirishani, na mama ameshasema chupa hizo safari hii zikae kwangu.